Je, ni Dhambi Kuwa Mzigo kwa Wengine?

 

Sisi wa kamati ya kutembelea wagonjwa tumeombwa tuandike habari za mama yetu mmoja aliyebadilishwa nyonga, kwa sababu wengi wanatuuliza njiani anaendeleaje. Anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu. Lakini tulipokaa kuandika tuliona kwamba habari yenyewe haiishi kwa neno hilo moja, na sehemu yake kubwa si ya kutupa sifa. Mama ameturuhusu tuandike, mradi tusitaje jina lake. Tena alituambia, "Andikeni yangu, lakini andikeni na yenu." Basi tunaandika na yetu.

Swali lililotukalia moyoni tangu majuma yale ni hili. Mtu akijitahidi kwa nguvu zake zote asiwe mzigo kwa wenzake, je, anafanya jema? Zamani tungejibu ndiyo kabla swali halijaisha. Tumelelewa hivyo. Hata mgeni, wazee wetu walisema, siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Na sisi hapa ugenini tumepita siku ya tatu miaka mingi sana.

Mama huyu alifika hapa Rwamwanja mwaka 2012, mwaka ule makazi haya yalipofunguliwa tena kwa ajili yetu tuliokimbia vita vya Kivu ya Kaskazini. Njiani kutoka Masisi alianguka kwenye mteremko, mjukuu mgongoni na sufuria kichwani. Aliinuka, akamtazama mtoto kwanza, akaendelea na safari. Nani alikuwa na muda wa kutazama nyonga? Maumivu yalimfuata hadi hapa, yakakaa. Miaka mingi baadaye, picha ilipopigwa, daktari alieleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu baada ya kuumia, kikafa polepole, kikabomoka, naye akawa anatembea juu ya mabomoko. Ndiyo maana usiku alikuwa analia. Tulidhani ni uzee.

Watoto wake wawili walio Marekani na Kanada walituma fedha, kanisa nalo likachanga kidogo, akapelekwa Kampala kufanyiwa upasuaji.

Tueleze kwa ufupi kinachofanyika, maana kuna waliosema kwamba amewekewa mfupa wa marehemu. Sivyo. Kichwa cha mfupa kilichoharibika hukatwa kuondolewa. Ndani ya mfupa wa paja hutiwa kijiti cha chuma chenye tufe juu yake, na kwenye tundu la nyonga huwekwa kikombe, mara nyingi kikiwa na plastiki ngumu sana ndani yake. Tufe huzunguka ndani ya kikombe. Njia hii iliwekwa sawa na daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, mwaka 1962. Kabla ya hapo alikuwa ametumia plastiki ya aina nyingine, laini zaidi. Ilionekana nzuri mwanzoni, kisha ikalika ndani ya watu baada ya miaka michache, na ikambidi awapasue tena wagonjwa wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kuitoa. Alipopata plastiki mpya hakutaka kuijaribu tena kwa wengine kwanza. Aliweka kipande chake ndani ya paja lake mwenyewe, akangoja aone mwili utasemaje. Tena aliwaomba wagonjwa wakubali kwamba watakapokufa, nyonga zile zirudishwe kwake azikague zilivyolika, na wengi walikubali. Tulipoisoma habari hiyo tuliona ya kwamba chuma kilicho katika mwili wa mama yetu wa Masisi kimebebwa kabla yake na wazee wengi wa Uingereza, ambao walibeba kosa la daktari miilini mwao, na walipokufa wakaacha walichokuwa nacho kwa ajili ya watakaofuata. Yeye hawajui, wala wao hawakumjua.

Sasa turudi nyumbani, maana hospitalini kila kitu kilikwenda vizuri. Alisimama siku ya pili yake akiwa ameshika chuma cha kutembelea chenye miguu minne. Shida ilianza aliposhushwa kwenye gari hapa kijijini.

Daktari wake alimpa masharti ya majuma sita ya kwanza na zaidi. Asikunje nyonga kupita pembe ya kiti cha kawaida, yaani akikaa, goti lisipande juu kuliko nyonga. Asipishanishe miguu. Asigeuze kidole cha mguu kuelekea ndani. Alale chali, mto katikati ya miguu. Asijiinamie kuokota kitu. Akikosa kutii, tufe linaweza kutoka katika kikombe, na hapo ni maumivu makubwa na kurudi hospitalini. Anywe maji ya kutosha, ajisogeze mara kwa mara, ameze dawa za kuzuia damu isigande, na shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, asingoje asubuhi.

Someni masharti hayo tena, wapendwa, halafu tazameni nyumba zenu. Sisi tunapikia chini penye mafiga matatu, tumekaa juu ya kigoda. Tunafua tumeinama. Tunalala kwenye mkeka au godoro lililo chini. Tunasali tumepiga magoti. Na choo chetu (wazee watusamehe tukikitaja, lakini habari hii haiwezi kusemwa bila choo) ni shimo, na mtu huchuchumaa. Maisha yetu yote yako chini ya kimo cha goti. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kitanda kirefu, kiti cha kuegemea, na choo cha kukalia ndani ya nyumba. Hatumlaumu aliyeiandika. Lakini mtu akikabidhiwa karatasi kama hiyo katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili, amekabidhiwa swali: nani ataigeuza nyumba?

Aliyeigeuza ni mkwe wake, mke wa mwanawe. Mwana hufanya kazi ya kibarua, huondoka alfajiri. Dada huyu alikuwa na mtoto mchanga wa miezi minne mgongoni na wengine watatu. Alichukua kiti kimoja cha nyumba, akamwomba fundi akikate tundu katikati na kukiongezea miguu, akaweka ndoo chini yake. Hicho ndicho kilikuwa choo. Kitanda kiliinuliwa juu ya matofali. Yeye ndiye aliyemwaga ndoo, aliyemwosha, aliyemvika nguo ya ndani kwa kuanzia mguu uliopasuliwa kama walivyofundishwa, aliyechota maji bidoni tatu zaidi kila siku. Usiku Mama alipohitaji ndoo, ilimlazimu kuamsha mtu amshike, maana chuma cha kutembelea hakikupita kati ya kitanda na ukuta.

Sisi tulifanya nini? Tulikwenda kumtembelea. Tulikwenda watu kumi na wanne. Tuliimba, tukaomba, tukakaa saa mbili, na dada yule akatupikia chai. Tulipotoka tulimwachia sabuni vipande viwili. Tulirudi juma lililofuata, tukiwa kumi na mmoja, na chai ikapikwa tena.

Jumapili ile mmoja wetu alisimama kanisani kutoa habari za wagonjwa, akasema maneno ambayo wengi wenu mnayakumbuka kwa sababu mlipiga makofi. Alisema kwamba mama yetu ni mfano kwetu sote, mvumilivu, anaumwa lakini hasumbui mtu, hata maji ya kunywa haombi. Wajukuu walikuwepo. Walikimbia nyumbani kumwambia nyanya yao kwamba ametajwa kanisani. Alituambia baadaye kwamba siku ile alifurahi kuliko siku zote za ugonjwa. Na usiku ule hakunywa kabisa.

Siku ya tisa tangu arudi, kichwa kilimzunguka asubuhi aliposimama, na kama si chuma cha kutembelea angeanguka. Alikuwa na homa, na mkojo ulimchoma. Mhudumu wa afya wa kijiji aliitwa, naye akaagiza apelekwe kituoni, gari likapatikana. Kabla halijafika alimwuliza, "Mama, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?" Mama akaonyesha kikombe kidogo cha chai. "Hiki, mara ngapi?" Akasema, "Asubuhi." Mhudumu akauliza kwa nini. Mama hakujibu kwa muda, kisha akasema, akimtazama ukutani, "Nikinywa, usiku nitamwamsha. Ana mtoto wa kunyonya. Amechoka."

Mkwe wake alikuwa mlangoni. Alilia mbele yetu sote. Hakuwa analia kwa kusingiziwa, maana hakusingiziwa. Alisema, "Mama, mimi nalala nikisikiliza kama utaniita. Usiponiita silali."

Katika neno hilo ndipo fikra zetu zilipoanza kugeuka. Mama alidhani anampa usingizi. Kumbe alimnyima. Mtu anayesema "sitaki kusumbua" anadhani amemwondolea mwenzake kazi, lakini mara nyingi amebadilisha kazi tu. Mahali pa kazi ya kumshika mkono dakika tano, ameweka kazi ya kukesha na kubahatisha. Na ugonjwa ule, laiti ungeendelea, ungekuwa mzigo mkubwa mara kumi, kwa sababu mtu asiyekunywa wala kujisogeza baada ya upasuaji kama huo ndiye damu inayemgandia. Ndoo moja ya usiku ilikuwa nafuu kuliko vyote.

Lakini hatutaki kumtupia Mama kosa lote. Tunapaswa kuuliza alijifunzia wapi. Tukisema kweli, alijifunza hapa, pamoja nasi. Sisi tu watu tuliohesabiwa. Kila familia ina ukubwa wake ulioandikwa kwenye kadi, na ukubwa maana yake ni vinywa. Tangu mwaka 2023, familia zilipogawanywa makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji na wengine wakaondolewa kabisa kwenye mgao, kila nyumba inajua kinywa kimoja kina uzito gani. Mtu akikaa miaka kumi katika mstari, anajifunza kujipunguza. Anajifunza kusema "mimi sina neno" hata kabla hajaulizwa. Wazee hujifunza haraka kuliko wote. Kisha siku ya Jumapili wanakuja kanisani, na sisi tunawapigia makofi kwa jambo lile lile.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Tulimsifu kwa sababu uvumilivu wake ulitufaa sisi. Mgonjwa asiyeomba kitu ni rahisi kumpenda. Unaimba, unaomba, unarudi nyumbani. Kama angesema, "Asanteni kwa wimbo, sasa mmoja wenu abaki usiku huu, na mwingine achote maji," je, tungemtaja kanisani kuwa mfano? Tulijiuliza hilo katika kikao, na kikao kilikaa kimya.

Tulirudi katika waraka kwa Wagalatia, sura ya sita, kwa sababu ndipo watu wote hukimbilia wanapotaka kusema juu ya mizigo. Tuliona jambo ambalo tulikuwa tumelisoma mara nyingi bila kulitazama. Mstari wa pili unaagiza tuchukuliane mizigo. Mistari mitatu tu mbele yake, katika ule wa tano, unasema kila mtu atachukua furushi lake. Je, Paulo alisahau alichosema? Biblia yetu ya Kiswahili imetusaidia, maana haikutumia neno moja. Kuna mizigo na kuna furushi, na katika Kiyunani pia ni maneno mawili. Sasa, nani anahitaji kufundishwa furushi ni nini kati yetu? Kila mmoja wetu alitoka nyumbani na furushi. Ni kile ulichoweza kukifunga kwa kitenge na kukibeba mwenyewe huku unakimbia. Hata mtoto wa miaka sita alikuwa na la kwake, na lilikuwa heshima yake, hakutaka mtu alichukue. Mzigo ni kitu kingine. Mzigo ni mzee aliyeshindwa kutembea pale mtoni. Huyo hakuna aliyembeba peke yake. Tulipokezana.

Kwa hiyo tunadhani swali letu la mwanzo liliulizwa vibaya. Kuwa na mzigo si dhambi, na kuwa mzigo si dhambi. Yule mzee wa mtoni hakutenda dhambi. Kinachotakiwa ni kujua hapa nilipo, lipi ni furushi langu na lipi ni mzigo, na hilo hubadilika siku kwa siku. Kusimama usiku katika juma la pili baada ya kukatwa mfupa ni mzigo. Kumeza dawa kwa saa yake, kunyoosha mguu mara kumi asubuhi ijapo inauma, kusema kweli unapoulizwa umekunywa nini: hayo ni furushi. Mama alikuwa ameyageuza. Alijitwisha mzigo, akaliacha furushi chini.

Tena kuna neno "kuchukuliana". Halisemi mmoja awachukulie wote. Katika nyumba ile mzigo wote ulikuwa juu ya mwanamke mmoja, na sisi kanisa zima tulijihesabu kuwa tunabeba pamoja naye kwa sababu tulikuwa tunaomba. Msimu ule hakupanda maharagwe. Shamba lake lilibaki majani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona, ijapokuwa njia ya kwenda kwao inapita kando yake. Tulitembea kando ya shamba lile tukiwa na vitabu vya nyimbo.

Mnakumbuka habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka mitano habari mbaya zilipofika, yaya wake akamchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka akalemaa miguu yote miwili. Sisi tunaielewa hadithi hiyo kuliko wengi. Wahubiri hupenda kutuonyesha meza ya mfalme Daudi, ambapo kilema huyo alikula siku zote. Ni jambo jema. Lakini tazameni katika 2 Samweli sura ya 9 kile kinachotangulia meza. Daudi anamwita Siba na kumwagiza yeye, wanawe na watumishi wake wamlimie ardhi na kuleta mazao. Tena Biblia inahesabu: wana kumi na watano, watumishi ishirini. Haikusahau kuandika ni nani waliolima. Sisi tulisahau. Kwa kumtunza kilema mmoja palihitajika mikono mingi, na sisi tulimwachia dada mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Kuna ndugu mmoja ambaye tangu wakati wa kuchanga fedha alisimama akasema waziwazi kwamba fedha ya nyonga moja ya mama mzee ingelipa karo ya watoto wengi. Wengine walimkasirikia. Tulimjibu kwamba Mungu atatoa, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini halikuwa jibu. Tumelifikiri tangu hapo. Wengine walisema Mama anastahili kwa sababu alilea yatima watatu. Jibu hilo pia halitutoshi, maana kama asingelea yatima, je, tungemwacha na mabomoko yake? Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa watoto wake kwa ajili ya mama yao, haikuwa yetu kuigawa. Iliyokuwa yetu kugawa ni nyingine: usiku, bidoni za maji, jembe la siku moja, mbao za kiti. Hivyo havikuweza kugeuzwa kuwa karo ya mtu yeyote, na ndivyo vilivyokosekana. Ndugu yule alikuwa na haki ya kuuliza juu ya fedha. Tunamheshimu. Ila tumegundua kwamba ubishi juu ya fedha, ambayo hatukuwa nayo, ulitusaidia tusitazame vile tulivyokuwa navyo.

Mama aliporudi kutoka kituoni tulibadili utaratibu. Mama mmoja alilala kule kila usiku kwa zamu, ili mkwe alale. Vijana walichota maji. Akina baba walilima shamba kwa siku mbili, wakawahi kupanda viazi vitamu. Matembezi yalipunguzwa wakawa watu wawili, nusu saa, na chai ilikatazwa kabisa. Ukuta wa ndani ulisogezwa hatua moja, kazi ya asubuhi moja kwa fundi. Mama alipewa bati na kijiko agonge anapohitaji mtu, maana kuita kwa sauti kulimtia haya. Usiku wa kwanza hakugonga. Usiku wa pili aligonga mara moja, polepole sana, akaomba msamaha kabla hajafikiwa. Juma lililofuata wajukuu walisema wanasikia bati hilo hata katika ndoto.

Lakini tulipitiliza. Sisi ni watu wa namna hiyo, tukitubu tunatubu mpaka upande wa pili. Ilipofika juma la saba tulikuwa bado tunamvisha, tunamlisha, tunamletea kila kitu kitandani. Akijaribu kusimama, watu watatu wanamrukia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja kumtazama alishangaa. Paja lilikuwa limenyauka. Alisema kwamba chuma ndani kiko sawa, lakini nyama zinazokishika zinalegea kwa kukosa kazi, na kwamba wakati huu anapaswa kutembea na gongo kila siku, kuongeza hatua, kujitengenezea chai yake amesimama. Alimfundisha kushika gongo mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, jambo lililotushangaza wote, maana sisi tungelishika upande wa ugonjwa. Na penye ngazi, kupanda mguu mzima hutangulia, kushuka hutangulia uliopasuliwa. Kisha akatugeukia sisi. Alituambia tumwachie kazi yake.

Ilituuma kidogo. Tulikuwa tumefurahia kuwa watu wazuri. Tukikumbuka Wagalatia, tulikuwa sasa tumemnyang'anya furushi, yale yale ya kumpora mtoto kitenge chake njiani kwa kusema anachelewesha. Tena tuliona jinsi hayo mawili yanavyofanana. Mwanzo tulimsifu asiombe kwa sababu ilitupendeza. Baadaye tulimzuia asitembee kwa sababu ilitupendeza. Katika nyakati zote mbili, hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mpaka leo hatujajua kila mara mstari uko wapi. Kuna mzee mmoja mwenye kiharusi katika kijiji cha pili, na juma hili tulibishana saa nzima kama tumsaidie kushika kijiko au tumwache amwage uji. Mke wake alisema kwamba asubuhi anaweza, jioni hawezi, na hilo likamaliza ubishi wetu. Kile kiti chenye tundu sasa kiko kwake. Mama mwenyewe ndiye aliyeagiza kipelekwe, na akatuma na maneno kwamba miguu ya nyuma inahitaji msumari.

Imetimia miezi mitano sasa. Mama anakuja ibadani kwa miguu, na gongo lake moja, anakaa kwenye kiti kirefu tulichokiweka karibu na mlango, na wakati wa kupiga magoti yeye husali ameketi. Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, kijana mmoja wa kwaya alikimbia kumshika mkono alipoanza kuinuka. Mama akamwambia, "Ngoja, mwanangu. Nikikuhitaji nitakuita." Kijana akasimama pembeni, hajui aweke wapi mikono. Mama akaegemea gongo, akainuka mwenyewe, akatembea hadi mlangoni. Pale penye kizingiti, ambapo mvua imekula ngazi, akasimama, akageuka, akamwita.